Sakafu ya Maternite

Miezi minne tulichimba ule mtaro nje kidogo ya Bukavu, kila Jumamosi, kwa salongo, kazi ya lazima ya serikali. Wanawake walichimba na watoto mgongoni. Hatukunung'unika, maana injinia Mushagalusa alitueleza vizuri: ardhi yetu imepasuka huko chini, mvua inazama kwenye ufa, inapashwa na mawe ya moto, kisha inabubujika bondeni. Tukiipitisha kwenye mabomba chini ya sakafu ya maternite, wodi yetu ya uzazi, watoto njiti hawatatufia tena kwa baridi. Mimi ndiye mkunga. Nilikuwa nimechoka kuwafunga pamba na kuwazika.

Wiki ya kwanza sakafu ilipata moto. Jumatatu iliyofuata ikawa baridi kama kaburi, na njiti watatu wakiwa ndani.

"Maman Euphrasie, vumilia," Mushagalusa akaniambia, macho chini. "Maji inatosha nyumba moja tu. Citoyen Commissaire, mukubwa ya serikali, ametoka Kinshasa, iko mu nyumba ya wageni. Njo ordre yake, amri ya juu."

"Na mutoto ya Noëlla? Kilo moja na nusu!"

Akachezea beji ya chama kifuani. Nilitamani kumtemea mate, msomi mzima!

Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Nikamtia kifuani, nikavuka barabara hadi nyumba ya wageni, Noëlla akijikokota nyuma yangu. Mlinzi alidhani nimeitwa, akafungua. Ndani kulinuka kiberiti cha maji ya chemchemi, manukato na jasho la mtu aliyeshiba. Commissaire alikuwa bafuni, anaimba. Na sakafuni, juu ya joto letu, jozi sita za viatu zilipangwa zikauke, pamoja na soksi zake. Viatu!

Nikavisukuma kwa mguu hadi ukutani, nikatandika kitenge, nikamlaza mtoto.

Commissaire akatoka na taulo, tumbo mbele.

"Maman, toa huyu mutoto. Bilatu yangu haiyakauka."

Nikamtazama, maji yakimchuruzika miguuni, maji tuliyoyachimbia sisi. Nikamgeukia Mushagalusa, aliyekuwa ametufuata na kusimama mlangoni akihema.

"Rudia maternite," nikamwambia. "Ulete wale wengine wawili."

Alimtazama Commissaire, akanitazama mimi, kisha akaenda.