Jicho la Bonge

Gari lilikuwa limeshawashwa na muuguzi, dada mmoja, yumo ndani, begi mapajani, kaka yake pembeni. Dereva ni mimi. Nimezunguka nchi za watu kwa kazi za kila namna, na abiria asiyetaka kufika namjua. Huyu alikuwa anatazama nyuma tu.

Homa ya kuambukiza iliyozuka pale hospitalini ilikuwa imeshamchukua tabibu wa wodi. Daktari mkuu akatangaza: anayetaka kuondoka aondoke, haulizwi.

"Uliapa kutibu, hukuapa kufa," alisema kaka mtu. "Mama kule hali, halali. Mzee, twende."

Nikaanza kulirudisha gari kinyumenyume. Kwenye banda la kuvalia alisimama muuguzi mwenzake, tunamwita Bonge, akihangaika na mavazi ya kinga. Wodini haingii mtu peke yake. Mnaingia wawili, kila mmoja anamkagua mwenzake, na huyo mwenzako anaitwa jicho. Jicho la Bonge lilikuwa ndani ya gari langu.

"Jicho lako nani leo?" dada akapaza sauti dirishani.

"Mungu!"

"Mungu hakufungii kamba, wewe! Geuka!"

Akageuka. Kati ya kofia na vazi, shingo ilikuwa wazi, upana wa kiganja.

"Shingo! Bonge, shingo! Ngoja!"

"Siwezi kungoja. Mtoto wa kitanda cha mlangoni, dripu yake imekwisha."

Nikakanyaga breki kabla sijaambiwa. Dada keshafungua mlango.

"Unakwenda wapi?" kaka akauliza.

"Kumfunga shingo."

"Halafu?"

"Halafu akiwa humo ndani nani atamtazama, kaka? Wewe?"

Kaka akanyoosha mkono. Akalichukua begi, akalipakata yeye.

Walipotoka wodini walikuwa wamelowa jasho chapachapa. Dada alimvua Bonge polepole, akamzungusha kama anachagua nguo dukani, akasema, "Safi." Ndipo mimi na kaka mtu tukashusha pumzi.

Homa iliisha kabla ya mvua. Bonge hakuugua, tena unene umezidi. Mtoto wa kitanda cha mlangoni alirudi kwao kwa miguu yake. Kaka alibaki akituchotea maji mpaka mwisho. Mama alikula siku alipowaona wote wawili. Dada anafundisha wauguzi wapya kukaguana. Mimi nilirudisha ufunguo wa gari, nikahamia mji mwingine.