Fundi wa Jedwali la Tatu

Asubuhi ya kuwasilisha ripoti, mwisho ukiwa saa nne, binti aliyekuwa mwaka wa nne wa uhandisi wa ujenzi alihesabu watu kumi na wawili chumbani mwake. Kila sentensi aliyoinakili bila kutaja chanzo ilikuwa imemleta mwandishi wake. Walijazana kitandani na juu ya sanduku la nguo, na pa kukanyaga hapakuwapo.

Akaanza kuwaandika kwenye orodha ya marejeo: jina, mwaka, kichwa cha makala. Aliyeandikwa alichukua koti lake akaondoka. Bingwa mmoja wa mihimili aligoma mlangoni, akataka na namba ya ukurasa.

"Mwandikie, mwanangu," mama yake alisema, ndoo mkononi. "Atoke nipige deki."

Saa mbili akabaki mmoja, mzee mwenye ovaroli ya vumbi la saruji na daftari kwapani. Alikuwa fundi wa maabara ya chuo, aliyefariki miaka mitatu iliyopita.

"Jedwali la tatu nimeshalitaja," binti alisema. "Ni la msimamizi wangu."

"Vile vipande vya zege nilivivunja mimi." Fundi alifungua daftari. "Zege lenyewe hafifu, lilivunjika kwenye nguvu ya 23. Msimamizi wako akanakili 32."

Wakaenda wote wawili ofisini kwa msimamizi. Nyuma yake walikaa watu wake wapatao thelathini. Alipofuata faili kabatini, aliruka miguu yao bila kutazama chini.

"Kaa, ukipata kiti," alimwambia binti. Alisoma daftari kwa makini, akamrudishia fundi. "Watu wameshajengea hiyo 32. Na fundi hatajwi. Asiyekuwepo na lake halipo."

Fundi alikohoa.

"Nikiandika 23 je, mwalimu?"

"Utarudia mwaka."

Binti alizunguka ukumbini mara nne. Alikuwa na hasira, na aliona aibu kwamba hasira yenyewe haingemzuia kukubali. Saa nne kasoro dakika sita aliiacha 32 pale pale, na jina la msimamizi chini yake. Msimamizi aligonga muhuri, akamsifu kwa marejeo safi.

Jioni mama alimkuta fundi kwenye stuli, kando ya meza ya binti yake, daftari wazi magotini.

"Huyu haondoki?"

"Haondoki, mama."

Mama alimwomba fundi anyanyue miguu, akapitisha tambara.