Cheo cha Fundi

Kaka yangu humaliza michezo ya kompyuta haraka kuliko yeyote kwenye kundi lao la mtandaoni. Walipoanzisha cheo cha Fundi walijigamba kwamba ni kwa uwezo tu, hakuna kubebana. Sharti lao ni video inayoonyesha mikono ya mchezaji. Kaka hana mikono, anacheza kwa miguu. Alipokosa kutuma video, wakamwita tapeli.

“Wakiniona watanihurumia,” aliniambia.

“Wajaribu basi.”

Akawatumia makusudi video ambamo alishindwa katikati ya mchezo, miguu ikionekana wazi.

Kabla chai yetu haijapoa, wakajibu: wamempa cheo cha Fundi, pamoja na pole na vimoyo vyao vyekundu.

Kaka akachomoa waya wa kompyuta kwa kidole cha mguu.

“Nilitaka wanikatalie,” akasema.