Neno la Siri la Anyesi

Katika ndoa yake Anyesi alikuwa na siri moja tu, nayo aliifungia ndani ya kompyuta.

Aliitunga miaka minne iliyopita, mama mkwe wake, Mwalimu Paulina, alipotoka kijijini Mvumi kuja mjini Nkuhungu kumsalimia mwanawe kwa wiki mbili, akakaa miezi mitano. Alihamisha masufuria. Alionja mlenda kwa ncha ya kidole, kisha akaongeza chumvi. Katika majuma hayo Anyesi alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye mfumo wa Linux, na ilipomtaka aweke neno la siri la kufungia mafaili yake yote, aliandika lile ambalo mdomo wake usingethubutu kulitamka.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumatano alitakiwa kuwasilisha tasnifu yake ya uzamili. Ilihusu nyimbo za wanawake wa Kigogo za kusagia mtama, nyimbo arobaini na moja alizorekodi Mvumi, nyingine kutoka kwa vikongwe ambao tayari walikuwa wamezikwa. Mwimbaji mkuu alikuwa huyohuyo Mwalimu Paulina, aliyekuja tena juzi. Kila kitu kilikuwa ndani ya kompyuta, na ndani hakuingiliki.

Mwenye kosa alikuwa Obedi, mumewe. Mashine ililala kabatini mwaka mzima, tangu Anyesi ajifungue Joshua na kuahirisha masomo. Wiki iliyopita Obedi aliitoa ili atazame mpira. Paswedi alikuwa ameiomba mara nyingi, akanyimwa kila mara, wala hakuambiwa kwa nini. Basi akafuata video moja ya mtandaoni, akaingilia mlango wa dharura wa kompyuta, akaweka paswedi yake: obedi123. Mpira aliukosa. Nyimbo zikapotea.

"Hazijapotea," alisema Witness, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, baada ya kuchungulia. "Zimefungwa kwa ufunguo mrefu, na ufunguo wenyewe umefungwa kwa paswedi yako ya zamani. Shemeji amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele tu. Sanduku la ndani halimjui. Ya zamani unaikumbuka, dada?"

"Sikumbuki," alisema Anyesi, haraka mno.

Kwenye kiti cha pembeni Mwalimu Paulina alikuwa anamenya karanga. "Jitahidi, mwanangu. Sauti ya marehemu Bibi Restuta imo humo."

"Mama, hujanywa chai."

"Nimekunywa vikombe viwili."

"Nahisi kama Joshua analia."

"Joshua amelala."

Anyesi akavuta kompyuta mapajani, akaielekeza ukutani, akaandika. Kioo hakikuonyesha hata nukta. Alipobonyeza, ikakataa. Akarudia polepole. Ikakataa tena.

"Kumbe unaikumbuka!" alisema Witness. "Hebu iandike hapa pembeni, herufi zionekane. Pengine kibodi imebadilishwa mpangilio."

"Hapana."

"Dada, zimebaki siku nne tu!"

Anyesi akafumba macho, akaandika. Witness akasoma. Akakohoa. Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika.

Hakuna aliyemsikia Mwalimu Paulina akinyanyuka. Miaka thelathini na miwili ya kupita nyuma ya madawati ilikuwa imemfundisha kutembea bila kishindo. Akainamia kioo na kusoma kwa sauti, taratibu, kama anayesomea darasa la tatu imla:

"Mama. Mkwe. Utaondoka. Lini."

Anyesi alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kompyuta yake. Mwalimu Paulina akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Anyesi."

"Abee, mama."

"Hii ni sentensi ya namna gani?"

"Mama, nisamehe, ilikuwa zamani, nilikuwa tu na—"

"Nimekuuliza ni sentensi ya namna gani."

"Ya... ya kuuliza."

"Haya. Alama ya kuuliza iko wapi?"

Witness akatoa mlio kama wa kuku aliyekanyagwa. Anyesi akakodoa macho. Alama ya kuuliza! Aliiweka siku ile kwa hasira, akaibonyeza mpaka kidole kikauma. Akaandika upya, akamalizia na ile alama. Mistari ikaanza kuteremka kiooni mmoja baada ya mwingine, kisha folda ikafunguka, na nyimbo arobaini na moja zikajipanga zikiwa nzima.

Wakapiga kelele wote watatu. Witness akaruka, Anyesi akamkumbatia, ungo wa karanga ukapinduka na Joshua akaamka kweli.

"Piga namba tisa," alisema Mwalimu Paulina, mtoto yuko begani.

Ikapigwa. Sauti yake ikajaa chumbani, akiimba juu ya mngurumo wa jiwe la kusagia habari za mama mkwe anayepima unga kwa macho na kulala mlangoni pa ghala. Hapo ndipo kicheko kilipomkamata Mwalimu Paulina, hata akakaa sakafuni.

"Mimi wa kwangu nilimwimba," alisema akifuta machozi, "wewe wa kwako umemchapa. Ila mimi sikukosea uandishi!"

Witness alinakili faili zote kwenye diski ya nje, akamwandikia Anyesi ule ufunguo mrefu kwenye karatasi ili autunze, kisha akasema sanduku la ndani sasa linahitaji paswedi mpya. Anyesi akamsogezea mama mkwe kompyuta. Mwalimu Paulina akafikiri kidogo, akaandika kwa kidole kimoja, kisha akamnong'oneza mkwewe sikioni. Anyesi akacheka mpaka akashika ukuta.

Obedi aliingia na mkate mkononi, akawakuta katika hali hiyo.

"Imefunguka? Paswedi ni ipi sasa?"

"Wewe katazame mpira kwa jirani," alisema mama yake.