Kobe na Chujio

"Hicho kinene ni cha makarani, cha mtu anayeshinda anajaza fomu huku anakunywa chai, usinichoshe," kaka yake alisema, na yeye akajibu bila kuinua macho kwenye jezi aliyokuwa anaipiga pasi, "Basi kajaze fomu, lakini mkono utakuwa mzima," kaka akacheka kile kicheko chake cha puani, "Mkono wangu unakuuma wewe?" akavisukuma vile vipanya viwili vya kompyuta juu ya meza, kimoja huku, kimoja kule, kama mtu anayetenganisha watoto wanaopigana, hiki cheusi chenye mgongo uliovimba ambacho yeye alikipa jina la Kobe, na kile cheupe kilichotobolewa matundu mwili mzima ili uzito upungue, kaka alikiita Upepo, yeye alikiita Chujio, kwa sababu ukikiinua dirishani unaona hadi ng'ambo... saa nane na robo, nahodha wa timu ya michezo ya kompyuta amesema saa tisa kasoro anapita na fomu, na kwenye fomu kila mchezaji anaandikiwa kipanya kimoja tu, kikishaandikwa hubadilishi mpaka majaribio yaishe, saa tatu mfululizo mbele ya skrini, na watakaoachwa leo hawaitwi tena, nahodha alilisema hilo mara mbili kwenye simu na kaka akaitikia mara mbili, ndiyo, ndiyo, halafu akaenda chooni akakaa huko muda mrefu. "Mkono wako ni sentimita ishirini na moja," yeye alisema, "nimeupima mwenyewe, toka hapa kwenye kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, na hicho chako hakifiki hata kumi na mbili, wewe unashika kwa kiganja kizima, hushiki kwa ncha za vidole, kidole chako cha mwisho kinaburuzwa chini kama mguu wa mgonjwa," na kaka akasema, "Haya, fundi cherehani, na mabega je? Kiuno?" akajicheka mwenyewe, na yeye alitaka kucheka pia, kweli alitaka, kwa sababu utani wa kaka huwa unampata hata akiwa amenuna, ila pasi ilikuwa imefika kwenye maandishi ya mgongoni, yale ya mpira ambayo ukiyagusa na pasi kavu yanayeyuka, akatandika juu yake kile kitambaa cha buluu, kipande cha sketi yake ya shule, kinafaa sana kwa kazi hii, kizito, hakiungui, akakandamiza taratibu huku akifikiria mkono wa kaka, maana hakuna kitu anachokijua duniani kama mkono ule, kila jioni anaupaka dawa ya kuchua, anaanza kwenye kifundo, anapanda na dole gumba katikati ya mifupa miwili, kaka anasema bado, hapo hapo, bado, na vile vidole viwili vya pembeni vinalala tu kiganjani mwake kama si vya mtu, siku moja alivifinya kwa kucha ili aone, akafinya mpaka ikabaki alama nyekundu kama mwezi mwandamo, na kaka akaendelea kusimulia habari za mchezo wake bila hata kupepesa jicho... hakumwambia, akapaka dawa juu ya alama, basi. Kobe kina kirafu kidogo ubavuni, vidole hivyo viwili vinapanda pale vinapumzika, ni kizito, ndiyo, kukigeuza ghafla kunataka bega, lakini saa ya tatu ikifika mkono bado ni mkono, wakati Chujio nusu saa ya kwanza kinaruka, unaona raha, halafu kifundo kinajifunga kama mlango uliovimba kwa mvua. "Njoo uone," kaka alikuwa anasema, simu iko juu, "acha pasi, njoo uone hapa, hii ni wiki kabla ya Upepo, wastani wa alama arobaini na moja, umeona, wiki ya kwanza na Upepo hamsini na tisa, wiki ya pili sitini na nane, sitini na nane! Hapa ndipo nahodha aliponiona, unadhani amenipigia kwa sababu ya sura? Takwimu hazidanganyi," na ule mstari wa kijani kwenye simu ulikuwa unapanda kama ngazi, akautazama, akahisi masikio yanapata moto, maana ngazi ile aliijenga yeye. Asubuhi kumi na nne. Kipanya kipya kina miguu migumu, vile vipande vinne vyeupe chini ya tumbo vina kingo kali, vinakwaruza, vinataka saa nyingi za kuburuzwa mpaka vilainike viteleze, na kaka alisema yeye hawezi kuchosha mkono wake kwa kazi ya msasa, "Dogo, wewe cheza cheza nacho ukishamaliza kazi zako, cheza na kompyuta tu, usiingie kwenye mechi za watu ukanitia aibu," akaenda zake kinyozi, akaenda kwa wenzake, na yeye akishamwogesha mama na kumgeuza na kumpa uji, anakaa kwenye kile kiti kinachozunguka, anaweka kiganja chake kidogo juu ya Chujio, na siku ya kwanza alicheza na kompyuta kweli, siku ya pili pia, siku ya tatu akaingia kwenye mechi za watu kwa jina la kaka, kwa sababu jina lingine halipo humo ndani, akasema nijaribu moja tu... hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kinaweza kukaa mkononi hivyo, kama kimeota hapo, unawaza kulia na tayari uko kulia, aliwaangusha watu ambao hata lugha yao hakuielewa, mmoja akamwandikia, wewe ni nani, akafuta upesi, akaenda kuosha masufuria huku anaimba. Na kaka jioni akifungua anaangalia mstari tu, mechi moja moja haziangalii, mvivu, anaona mstari umepanda anapiga kofi mezani, kipanya hiki kimenifungua! na zile mechi zake mwenyewe za jioni anazoshindwa anasingizia kiti, anasingizia joto, anasingizia mama kuita. Kwa hiyo ilimbidi aseme. Neno lilikuwa limeshafika, lilikuwa juu ya ulimi, kaka, zile namba ni zangu, utagomba, gomba, nilivunja amri yako, lakini chukua Kobe, utapata arobaini za kwako za kweli na utadumu saa tatu, na arobaini inatosha, wengine wataishiwa pumzi, wewe utakuwa bado uko pale... akainua pasi, ikapumua mvuke, akafungua mdomo, "Kaka, hiyo grafu usiisome hivyo," na kaka, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kuna vumbi hapa, akasema, "Ah, Dogo, wewe shule walikutoa kwa sababu ya usingizi, leo unifundishe kusoma grafu?"

Akasubiri. Akasubiri uso wa kaka ubadilike, maana hawezi kusema vile halafu uso ukabaki vile, lazima kope ziteremke, lazima akohoe, ajifanye anatafuta chaja... kaka alikuwa anajikuna sikio. Miaka mitatu nyuma ilikuwa meza hii hii. Baba amekaa upande ule, kofia ya kazini bado iko kichwani, miguu ya mama imekataa wiki ya tatu, na baba anasema mmoja wenu itabidi abaki nyumbani, mimi kazi siwezi kuacha, na yeye alikuwa ameshafungua mdomo kusema nimekuwa wa tatu kwenye hesabu, darasa zima, wa tatu, karatasi ilikuwa mfukoni, aliikunja mara nne ili aifungue taratibu, na kaka, mdomo umejaa chakula, akasema, "Huyu abaki tu, hata akienda analala darasani, mwalimu wake aliniambia," na hakuna mwalimu aliyemwambia kitu, walikuwa majengo mawili tofauti, mwalimu wake, kaka alikuwa hamjui hata kwa jina, lakini lilitoka vizuri, lilitoka kama ushahidi, baba akaitikia kwa kichwa, akavua kofia, basi, imekwisha, mtoto wa kike ana usingizi, na karatasi ilibaki mfukoni mpaka ikafuliwa na sketi. Alimchukia mwezi mzima. Halafu akamsamehe, na sasa hivi, pasi ikiwa mkononi, ndipo anaona alimsamehe kwa hesabu gani, alijiambia kaka analibeba lile neno, linamchoma, ndiyo maana anamletea kalamu za rangi, ndiyo maana alimwachia lile shati la mikono mirefu, ndiyo maana wakati mwingine anatoka nje ghafla anapomwona amembeba mama mgongoni, alijenga nyumba nzima ya majuto ndani ya kaka yake, akaweka madirisha, akafagia, akamtembeza humo miaka mitatu, kumbe hapana mtu. Hakumbuki! Hata hasemi uongo, ameuamini, kwake yeye ni jambo lililotokea, Dogo alikuwa analala darasani, kama vile jua lilichomoza. Kalamu zilikuwa kalamu tu. Shati lilikuwa limembana. "Mnagombania nini huko?" mama aliita kutoka chumbani, sauti yake ya kulala chali, "Hatugombani, mama," wakasema wote wawili pamoja kama watoto, na kaka akaongeza, "Tunachagua kipanya," mama akasema, "Msaidie mwenzio, mwanangu, leo ni siku yake," na yeye akasema, "Namsaidia, mama," na sauti yake ikatoka laini mno mpaka mwenyewe akaistaajabia, tamu, kama ya muuza duka. Siku yake. Akaiona siku yenyewe, akaiona vizuri kuliko alivyoiona jezi, dakika kumi za kwanza kaka anaruka kama panzi, anamkonyeza nahodha, dakika ya arobaini anakung'uta mkono pembeni ya kiti ili wasione, saa ya pili kidole cha mwisho kimekufa, anabonyeza na hajui kama amebonyeza, saa ya tatu anautazama mkono wake kama mbwa aliyemfuga mwenyewe akamng'ata, na wale wengine wamekaa tu na vipanya vyao vya makarani wanammaliza mmoja mmoja, kisha anarudi, anakaa kwenye kiti hiki, ananyoosha mkono, na yeye atafungua kile kichupa cha dawa, atasema pole kaka, atasema pole mara nyingi anavyotaka, atachua polepole, kuanzia kwenye kifundo, na akilia atamfuta, na akiuliza kwa nini, Dogo, kwa nini, namba zilikuwa nzuri, atasema labda ulisinzia... hapana, hilo hatasema, hilo atalila mwenyewe, litamtosha mwaka. Akashtuka kidogo. Alijitafuta ndani kama anayetafuta sindano aliyoangusha, mahali fulani humo kuwe na mtu anayesema usifanye, ni ndugu yako, mama atalia, na yule mtu alikuwepo, alikuwepo kabisa, ila alikuwa anaongea kwa mbali kama redio ya jirani, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo mno, si kusukuma mtu, si kuiba, ni kutosema tu, ni kumwacha aamini anachokiamini, kama baba alivyoachwa aamini. Hata yeye hatapata kitu. Hakuna kiti kinachomngoja, nahodha hajui kama ana vidole. Hilo ndilo lililompendeza, kwamba ni safi hivyo.

"Sasa sema," kaka alisema, na safari hii hakuwa anacheka, alikuwa ameshika Kobe mkono mmoja na Chujio mkono mwingine, jasho limemtoka juu ya mdomo, na akaonekana mdogo, akaonekana kama wakati ule alipokuwa anaogopa kuchomwa sindano akamwomba yeye aingie kwanza, "acha kununa, Dogo, saa zimekwenda, mimi najitia kusema tu, huu mkono kweli unanisumbua, wewe unaonaje, niandikishe kipi? Nitachukua utakachosema," na pale palikuwa na nafasi, pana kama mlango wa godauni, angeweza kupita hapo na kila kitu chake, namba na asubuhi kumi na nne na karatasi iliyofuliwa, akamtazama sikio, lile alilokuwa anajikuna. Akageuza jezi upande wa pili. "Chepesi," alisema. "Si umekataa sasa hivi?" "Nilikuwa nakupima tu kama una msimamo, ukitetereka kwangu utatetereka kwao, namba si umeziona mwenyewe, sitini na nane." Na kaka akashusha pumzi, akashusha pumzi ndefu ya kutoka tumboni, mabega yakateremka, akamfinya shavu, "Wewe mjinga sana, umenitoa jasho bure," akakitupa Kobe kwenye droo, akaisukuma droo kwa goti, na wakati huo huo mlango uligongwa mara tatu, nahodha hakuingia, alisimama pale nje na fomu yake juu ya ubao, kalamu imechomekwa nyuma ya sikio, anaangalia saa, anasema haya, jina ninalo, umri ninao, kipanya, na kaka akaenda akasimama kizingitini akanyoosha kiganja, Chujio kimekaa katikati kama yai kwenye beseni, nahodha akakitazama, akautazama mkono, akakitazama tena, "Mkono wote huo na hiki? Wenye mikono kama yako wote nimewaandikia vinene, bwana, fikiri vizuri, huko hakuna kurudi," na yeye aliyasikia hayo akiwa bado ameinama, pasi imefika kwenye ukosi, akasikia kalamu haijaanza kuandika, akasikia mama anakohoa chumbani, akakandamiza ukosi mpaka ukawa mkali, hakuinua kichwa hata kaka alipocheka, akamnyooshea kidole cha mkono ule ule na kusema, "Andika, nahodha, muulize huyo hapo, mkono wangu anaujua kuliko mimi."