Mto Wenye Masikio Manne

Aliyepiga simu hakuuliza bei ya sofa. Hakuuliza hata kama paka amechanjwa. Aliuliza ni nani kashona ule mto aliolalia paka kwenye picha.

Nilikuwa kwenye cherehani, nimeligeuzia duka mgongo, na Mama Sofa alikuwa ameweka spika kama kawaida yake, maana bosi wetu hana siri na simu. Ile sauti niliitambua kabla haijamaliza salamu. Ilikuwa ya taratibu, yenye adabu, sauti ya mtu anayekuomba radhi kabla hajakukanyaga. Mguu wangu ulibaki juu ya pedali, sindano ikaendelea kwenda peke yake mpaka kitambaa kikaisha.

"Mama yangu ameiona picha mtandaoni," sauti ikasema. "Anasema mkono huo anaujua. Tungependa kumwona fundi mwenyewe."

"Fundi wangu huyo," Mama Sofa akajibu kwa fahari. "Mwanamke mtulivu, ana binti yake mmoja, kila siku yupo hapa. Karibuni sana. Mko mbali?"

"Tuko njiani."

Ngoja niieleze habari ya paka, la sivyo mtaniona nimerukwa na akili. Karakana yetu ni ukumbi mmoja mrefu. Mbele tunauza sofa, nyuma tunazitengeneza. Mtaa wa pili kuna kituo cha kulea paka waliotupwa, nacho kilikuwa kimejaa hadi watoto wa paka wakawa wanalala kwenye makatoni ya sabuni. Mama Sofa hawezi kuona kitu kimekaa bure bila kukitafutia kazi. Alikwenda akaomba aazimwe watoto wachache kila wiki, wakae juu ya sofa zetu. Mteja akikaa kujaribu sofa, paka anampanda mapajani, na mpaka mteja ainuke keshaibiwa moyo. Kila mfanyakazi alipewa paka wake wa kulisha na kumzoesha mikono ya watu. Tuliwapa majina ya vitu vya kazi: Sponji, Stepla, Msumari. Na kila anayechukua paka anaondoka na mto mdogo, ninaoushona mimi kwa mabaki ya vitambaa, ili mnyama aende na harufu anayoijua. Mpango ulifana. Paka walipata kwao na sofa zikatoka. Seremala wetu alikuwa akisema Mama Sofa ukimletea nyoka atampa kazi ya kupima vitambaa.

Wangu aliitwa Gundi, mweusi mwenye kifua cheupe. Tulimwita hivyo kwa sababu akikushika hakuachii. Wateja walimsifu, lakini yeye hakutaka paja la mtu. Makao yake yalikuwa mfuko wa aproni yangu.

Mimi sipigwi picha. Nilimwambia Mama Sofa tangu siku ya kwanza kwamba naona haya, akacheka, lakini aliniheshimu. Kila picha ya paka iliyotoka pale niliikagua kwanza, nihakikishe hata kidole changu hakimo. Mto sikuufikiria kabisa.

Ni pembe za mto ndizo zilizoniponza. Pembe za mito yangu nazikunja kwa ndani, nazivuta, nazifunga kwa uzi, zinatoka kitu kama sikio dogo. Sijaona mtu mwingine anayeshona hivyo isipokuwa aliyenifundisha, naye ni mama mkwe wangu. Alikuwa akinifundisha asubuhi, baada ya kila usiku ambao mwanawe alinipiga. Alikuja na maji ya moto na kitambaa, akanikanda kimya, kisha akanipa sindano tukashona. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na ubao mwembamba. Alisikia kila kitu, na sikuwahi kumsikia akimwambia mwanawe hata neno moja. Kwa hiyo sikujua mwanamke yule ni wa upande gani, na hata siku ile ya simu nilikuwa sijui.

Nilitoroka binti yangu angali wa kubebwa mgongoni. Kabla ya hapo mume wangu alikuwa ameshaniambia mara nyingi, kwa ile adabu yake: "Ukiondoka nitakupata. Nikikupata namchukua mtoto, wewe utamwona ndotoni." Ni mtu wa kutimiza asemayo. Ngumi zake nazijua, hazinitishi tena kama zamani. Kilichonigandisha damu ni binti yangu, ambaye akitoka shule haendi nyumbani, anakuja moja kwa moja karakana kumwona Gundi. Na muda wa kutoka shule ulikuwa umekaribia.

Niliinuka nitoroke. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na mzigo mzima wa sponji ulioletwa asubuhi. Seremala aliacha nyundo akanitazama.

"Vipi dada, umeona jini?"

"Mume wangu anakuja."

"Sikujua una mume."

"Na mimi nilikuwa najitahidi kusahau. Akinipata ananinyang'anya mtoto."

Aliangalia kovu la juu ya jicho langu, ambalo siku zote nilikuwa nikisema ni la kuanguka bafuni, na hakuuliza tena. Nje gari lilisimama. Mbele yetu kulikuwa na sofa la watu watatu ambalo halijamalizika, mikanda ya mpira imefungwa juu na sponji imewekwa, nyuma bado wazi. Akainua kitambaa cha mgongo akasema, "Ingia." Nikaingia kwa magoti, Gundi akiwa mfukoni, nikajilaza kwenye mbao za fremu. Kitambaa kikashuka. Nikasikia stepla ikipiga mara kadhaa, kama fundi yupo kazini tu, na mwanga ukabaki ufa mmoja wa chini.

"Karibuni, karibuni," Mama Sofa alikuwa anasema. "Shikamoo mama. Fundi alikuwa hapa sasa hivi. Yuko wapi?"

"Kaenda kununua uzi," seremala akajibu.

"Uzi? Si nilinunua jana?"

"Rangi nyingine."

"Basi atarudi. Na binti yake naye yuko njiani anatoka shule, mtamwona, mtoto mzuri huyo."

Nilitamani kumziba mdomo bosi wangu kwa sponji. Hakuwa na kosa. Alikuwa anawapenda wageni tu.

"Tutasubiri," mume wangu akasema. "Unajua, dada, mke wangu ana matatizo kidogo ya kichwa. Alitangatanga na mtoto wetu. Namtafuta kwa wema."

"Masikini," akasema Mama Sofa, na sauti yake ikapoa.

Kisha viatu vyake vikaja upande wangu. Seremala akamwambia, "Hilo bado kaka, halijakazwa." Hakuna aliyewahi kumkataza yule bwana kitu akasikia. Akakaa. Mikanda ilishuka ikanigusa bega, ikanikandamiza kwenye ubao, na harufu ya mafuta yake ya nywele, yaleyale, ikapenya kwenye sponji ikanijia puani. Niliacha kupumua. Nilikuwa nimelala chini yake kama zamani, na nilichukia jinsi mwili wangu ulivyokumbuka kujikausha bila kufundishwa.

Gundi alibanwa, akalia.

"Kuna paka humu?"

"Wanapenda kuingia," seremala akasema. "Ndiyo kazi yao hapa, kutusumbua."

Nilimshika Gundi kifuani, akaniponyoka. Akapita kwenye ufa akatoka nje, akasimama pale kwenye mwanga, kisha, kwa kuwa ni Gundi na hajui kuachia, akageuka kuniangalia na kuniita. Alilia huku ananitazama mimi. Nilijua nimekwisha.

"Ndiye huyu wa kwenye picha," sauti ya mama mkwe ikasema. "Ngoja nimshike mwenyewe."

Niliona miguu yake iliyovimba, ndala zimekanyagwa visigino. Nikaona goti moja likishuka kwa shida, kisha la pili. Mkono ukamkamata Gundi. Halafu ukainua ukingo wa kitambaa, na uso wake ukawa pale, karibu kiasi kwamba niliona jino alilopoteza tangu tulipoachana. Alikuwa amezeeka. Tulitazamana. Nilikunja viganja vyangu mbele ya kifua, nikamwomba bila sauti, nami nilikuwa sijui namwomba nani.

Kitambaa kikashuka.

"Mama, vipi huko chini?"

"Magoti, baba. Niinue." Mikanda ikainuka kutoka begani mwangu, kisha ikashuka tena mwanawe aliporudi kukaa. "Na huo mto uko wapi? Hebu niuone kwa mkono."

Mama Sofa akauleta. "Ngoja niunuse kwanza," mama mkwe akasema. Nilisikia Gundi akinguruma mapajani mwa mtu.

"Si mkono wake," mama mkwe akasema.

"Mwenyewe ulisema unaujua. Ulilia kabisa."

"Sikuwa na miwani."

"Hata sasa huna."

"Kidole hakihitaji miwani. Shika hapa." Nikasikia uzi ukikatika. "Ningemfundisha mimi, uzi huu usingekatika." Ukakatika mwingine. "Huyu kaiga tu." Wa tatu. "Na kuiga kwenyewe hajui." Wa nne. Nyuzi zangu hazikatiki hivyo. Nazifunga mara mbili, kama alivyonifundisha, na ili uzikate inabidi kwanza uzing'ate.

Mume wangu aliugeuzageuza mto. Namjua, alikuwa anafikiri. "Tumngoje tu huyo fundi," akasema. "Hatupotezi kitu. Na mtoto yuko njiani."

"Wewe ngoja. Mimi huyu paka keshanikojolea. Utaniweka hapa mbele za watu nimelowa, mtu mzima mimi? Nipeleke nikajisafishe."

Gundi hajawahi kumkojolea mtu. Lakini yule bwana anaogopa aibu kuliko moto, na mama yake ndiye anayejua hilo kuliko mimi. Mikanda ikapanda. Bega langu likawa huru.

"Nitapita siku nyingine," akamwambia Mama Sofa kwa adabu.

Mama mkwe alibaki nyuma kidogo. Alisema polepole, kwa sauti ya kufika mbali kuliko Mama Sofa alipokuwa amesimama: "Mwambie fundi wako, mwanangu, pembe hizi asizishone tena. Atadhaniwa ni mtu mwingine. Ashone za kawaida, kama watu wote. Paka namchukua. Mto sitaki."

Mlango ukafungwa. Seremala alikuwa anang'oa stepla kwa bisibisi. Sikusubiri amalize. Nilipasua kitambaa kipya nikatoka, nikakimbilia mlangoni huku Mama Sofa akiniita, na hapo hapo mlango ukafunguliwa, binti yangu akaingia na mkoba wake.

Nilimvuta ndani nikamkumbatia mpaka akalalamika.

"Mama, kuna bibi kwenye gari kambeba Gundi wetu."

"Walikuona?"

"Bibi aliniona. Yule mwanaume alikuwa anataka kugeuka, bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akawa anampuliza jichoni. Alimpuliza mpaka nikapita." Akafikiri kidogo. "Alikuwa anampuliza huku analia. Unamjua?"

Mto ulikuwa juu ya sofa, pembe zake nne zimelegea, uzi bado umelowa mate. Niliuchukua.

"Simjui," nikamwambia. "Chukua mkoba wako, tunaondoka."