Halua Kwenye Shela

Kitu cha kwanza alichokiona Hadeel ni kidole cha Azzam, kilivyong'aa mafuta ya halua. Alikilamba mpaka kwenye kiungo, kisha akakirudisha katika sahani waliyokuwa wakila wote. Hadeel akaacha kula.

Ilikuwa Januari, msimu wa tamasha, na familia mbili zilikwenda bustani ya Kurum kutembelea kijiji cha maonyesho ya mambo ya kale, ili wachumba waonane kabla ya nikaha ya Ijumaa. Mara tatu Bi Shariffa alikuwa amemuuliza bintiye kama anamtaka Azzam. Mara tatu Hadeel aliinamisha kichwa kwa haya, na nyumba nzima ikauchukua ukimya wake kuwa ndiyo.

Wakaingia katika chumba cha bi harusi wa zamani. Palikuwa na kitanda, masanduku ya njumu za shaba, na shela ya kijani imetundikwa ukutani. Azzam akaivuta shela, akapangusia vidole.

"We Azzam," dada yake akamwambia, "ina mwenyewe hiyo."

"Nani ataivaa? Ya maonyesho tu," akajibu huku akicheka, akajipangusa na mdomo.

Hadeel alilitazama lile doa la mafuta, na chembe ya ufuta iliyonata katikati.

Garini, wakirudi nyumbani, mama yake akamgeukia. "Umeshamwona mwenzio, mwanangu. Au bado waona haya?"

"Nnaona kinyaa, mama," Hadeel akasema. "Simtaki. Sikumtaka tangu siku ya kwanza."